Kabla ya Kuuliza Mgonjwa Ale Nini

Mkoa wetu wa Mara unajulikana kwa Serengeti, kwa sangara wa Ziwa Victoria, na kwa Mwitongo pale Butiama alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Wataalamu wa mishipa ya fahamu wanaujua kwa jambo jingine. Mwaka 1985, ukame ulipobana, baadhi ya wakazi wa vijiji vya Tarime ya wakati ule, kabla Rorya haijawa wilaya, walianza kukakamaa miguu. Mtu alikuwa mzima, analima na kuchota maji, mara magoti yanakaza na visigino vinakataa kugusa chini. Haikuchukua wiki kutoka uzima hadi ulemavu. Walioumia zaidi walikuwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa.

Waliowachunguza walikuwa William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu wa hospitali ya KCMC, Moshi; Glen Brubaker wa hospitali ya Wamenoniti ya Shirati; Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe; na Hans Rosling, daktari kutoka Sweden ambaye mwaka 1981 alikuwa Msumbiji wakati ugonjwa huohuo ulipowapiga watu zaidi ya 1,000 mkoani Nampula. Taarifa yao ya Tarime, yenye wagonjwa 39, ilitoka mwaka 1990 katika jarida la madaktari liitwalo Brain. Ugonjwa wenyewe ni konzo. Daktari Mtaliano Giovanni Trolli alikuwa ameuandika tangu 1938 huko Kwango, Kongo. Chanzo chake ni muhogo mchungu uliotayarishwa haraka haraka, ukaliwa siku baada ya siku bila kitoweo cha maana.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilizaliwa Butiama, kazi nimeifanyia Musoma, na mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi Bunda, anaishi na ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao hospitalini huitwa kwa kifupi MS. Magonjwa haya mawili hayana undugu wa damu. Lakini yote mawili hugusa njia za fahamu zinazoamrisha miguu, na yote mawili huwafanya watu waulize habari za chakula. Kwa kuwa nimeyaona yote kwa karibu, nimeona pia kwamba swali tunalolikimbilia, la mgonjwa ale nini, mara nyingi linaruka swali lililo kubwa zaidi: nani anakiandaa hicho chakula, na ana nguvu na muda kiasi gani?

Nianze na muhogo, maana ndio tunaoujua. Mzizi wake una linamarini, kitu ambacho mmea hujilindia nacho. Mzizi ukikatwa, ukipondwa au ukioza kidogo, linamarini hukutana na kimeng'enya chake na kuvunjika, sianidi inatoka, na ikipewa muda na hewa inapaa. Ukame huongeza linamarini ndani ya mzizi. Sianidi kidogo inayobaki mwili unaweza kuigeuza na kuitoa kwa mkojo, ila kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata katika protini za samaki, nyama, mayai, maziwa, mtama na ulezi. Muhogo wenyewe protini yake haifiki gramu 2 katika kila gramu 100 za mzizi mbichi. Kwa hiyo konzo huja mambo matatu yanapokutana: mzizi umekuwa mchungu kuliko kawaida, matayarisho yamefupishwa, na sahani haina kitu kingine. Ondoa moja kati ya hayo, hatari inashuka sana.

Mama yangu hakuwahi kusikia habari za linamarini, lakini udaga wake, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, ulikuwa na utaratibu. Alimenya muhogo mchungu, akaurundika pembeni mwa jiko, akaufunika kwa majani ya migomba na magunia. Siku kadhaa baadaye ukiingiza mkono chini ya gunia unakuta joto, harufu kali, na ukungu mweusi umeota juu ya kila kipande. Alikaa kwenye kigoda akaparua ukungu kwa kisu, akavunjavunja vipande ambavyo sasa vilikuwa laini, akavibeba kwa beseni hadi kwenye jabali nyuma ya nyumba. Wenye kuijua Butiama wanajua majabali yale. Ndiyo uchanja wetu. Sisi watoto tulikaa kufukuza mbuzi na kukusanya vipande wingu likitanda. Udaga ulikuwa tayari pale tu ulipovunjika kwa mlio mkavu mkononi mwake. Ukipinda, unarudi juani. Mashineni alichanganya na mtama, na ugali ule mweusi tulikula na dagaa au maziwa ya mgando.

Leo naweza kueleza kila hatua. Kurundika na kufunika kunalainisha mzizi ili kimeng'enya kifanye kazi. Kuvunjavunja na kuanika kunaiachia sianidi nafasi ya kutoka. Mtama na dagaa vinaleta salfa. Ila ninachokumbuka zaidi ni muda. Kazi ile ilikula sehemu kubwa ya mwezi wa mama, na iliwezekana kwa sababu tulikuwa na akiba ya kula wakati udaga mpya unasubiri. Nyumba isiyo na akiba haiwezi kusubiri. Watoto wanalia leo, na mzizi uko shambani leo.

Ndivyo ilivyokuwa Tarime mwaka 1985, na si njaa peke yake inayofupisha kazi. Katika eneo la Bandundu, Kongo, watafiti waliwahi kukuta kwamba barabara mpya ya lami kuelekea Kinshasa iliwafanya wanawake wapunguze kuloweka muhogo kutoka siku tatu hadi moja ili wawahi malori ya wanunuzi. Sokoni walipata fedha. Vijijini konzo iliongezeka. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni muda wa mikono inayokiandaa.

Nikiwa mwanafunzi nilikutana na mama mmoja wa kandokando ya ziwa aliyepata konzo akiwa binti. Alitembea kwa fimbo moja, magoti yakigusana na kupishana, na hakulalamika kuhusu maumivu. Nilimwomba avue malapa nimpime kifundo cha mguu. Malapa yalikuwa yamelika mbele kabisa, kwenye vidole, hadi ardhi inaonekana. Sehemu ya kisigino ilikuwa mpya, hata maandishi ya kiwandani yanasomeka. Tangu ujana wake alikuwa anatembea kwa ncha za miguu. Kwa kawaida konzo hupiga mara moja na kubaki ilivyo. Haizidi wala haiponi. Nilimuuliza nani anamsaidia kazi za nyumbani. Akacheka, akasema udaga anautengeneza mwenyewe, ila maji ya mbali hawezi, kwa hiyo anafanya kwa kadiri. Hiyo kadiri ndiyo inayonitisha. Ugonjwa uliotokana na kufupisha kazi ya jiko ulimwachia mwili usioweza kuifanya kazi hiyo kikamilifu, naye ndiye anayelisha wajukuu.

Mdogo wangu aliugua tofauti. Kwanza jicho moja liliingia ukungu, likapona. Baada ya miezi mguu wa kushoto ukafa ganzi, akawa anaburuza malapa darasani. Nyumbani walisema amerogwa. Mtaani walisema ni presha. Huku kwetu daktari mwangalifu hawezi kutamka MS haraka, maana kuna mengi ya kuondoa kwanza: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho cha ziwani ambacho kinaweza kufika kwenye uti, kaswende, virusi vya Ukimwi, upungufu wa vitamini B12. Ni baada ya vipimo hivyo, na picha ya MRI Mwanza, ndipo alipoambiwa kwamba kinga ya mwili wake inashambulia mayelini, ule utando unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Duniani wanaoishi na MS ni zaidi ya milioni 2.8, wengi wao wanawake, na mara nyingi huanza mtu akiwa kati ya miaka 20 na 40. Afrika Mashariki hatuwaoni wengi, kwa hiyo mgonjwa anajikuta peke yake kati ya watu wasiojua wamwambie nini.

Nao wakamwambia habari za chakula. Mmoja alisema aache nyama. Wa pili, samaki asiye na magamba. Wa tatu alisikia kwamba muhogo unalemaza, basi hata kisamvu kikapigwa marufuku. Kwenye simu zikaja orodha kutoka Marekani na Afrika Kusini: acha ngano, acha maziwa, acha maharage, acha mafuta. Kila aliyetuma alikuwa anampenda. Siku moja nilimkuta Bunda ameketi kitandani na bakuli la mchicha uliochemshwa bila chumvi wala karanga. "Dada," aliniambia, "kila anayekuja ananiondolea kitu kwenye sahani. Hakuna aliyekuja kuniwekea."

Kazi yangu ni kupima, basi nikampima. Namwomba mgonjwa ainuke kwenye kiti mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kisha atembee kutoka mlangoni hadi mwembeni na kurudi, mimi nikitazama saa. Kuinuka bila mikono alishindwa, ingawa miezi iliyotangulia aliweza. Paja lilikuwa limekonda, mguu wa kulia kama wa kushoto, na mguu wa kulia ugonjwa haukuwahi kuugusa. MS haikuwa imesogea pale; njaa ndiyo iliyokuwa imesogea. Misuli isiyopata protini na nishati inanywea, na mtu ambaye neva zake zinaleta amri dhaifu hana misuli ya kupoteza.

Mama aliposikia alipanda basi kutoka Butiama na kuku wawili na gunia dogo la unga. Hakubishana na mtu. Alisema tu, "Mgonjwa hanyimwi chakula, anatengenezewa," akaenda jikoni.

Kule jikoni ndiko tulikojifunza zaidi. Mdogo wangu alikuwa anapikia jiko la mkaa kwenye chumba kidogo cha bati. Watu wengi wenye MS hudhoofika mwili unapopata joto. Neva iliyokwisha kuchubuka inapitisha ujumbe kwa shida zaidi, na joto likishuka hali inarudi. Alipochochea ugali saa saba mchana, jicho lake lililougua mwanzo liliingia ukungu na magoti yakaanza kutetemeka. Tulidhani ni chakula anachokula kinachomdhuru, kumbe ni kukipika. Alikuwa ameanza kuruka chakula cha mchana ili asiingie kwenye joto lile. Kupara samaki kwa mkono wenye ganzi kulimkata vidole, basi samaki wakaisha nyumbani. Kutwanga kisamvu hakuweza tena. Orodha yote ya vyakula vilivyotoweka mezani kwake ilikuwa orodha ya kazi ambazo mikono yake haiwezi.

Tukapanga upya. Maharage na kande vinapikwa alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, na mtoto wa jirani anayelipwa kidogo. Jiko likahamia uani, chini ya kivuli. Dagaa wananunuliwa Mwigobero nikiwa Musoma, wanachambuliwa na kukaangwa kwa wingi, kisha wanawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtu anachota mkononi bila kuwasha moto. Nilisisitiza dagaa kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, na kalisiamu ile anaihitaji: dawa za steroidi anazopewa ugonjwa ukimshambulia hupunguza nguvu ya mifupa, na mtu anayeyumba akianguka huvunjika. Siku za steroidi tunapunguza chumvi na sukari, maana dawa hizo hupandisha presha na sukari na kujaza maji mwilini. Asubuhi ni uji wa ulezi na mtama uliotiwa karanga za kusaga na maziwa.

Maji yalikuwa vita ya peke yake. Choo cha shuleni kiko mbali, na kibofu cha mtu mwenye MS hakisubiri, kwa hiyo alikuwa hanywi maji mpaka jioni. Matokeo yake ni choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) ya mara kwa mara, na kila UTI ilipokuja na homa, miguu ilikataa kabisa, tukidhani shambulio jipya limeanza. Mwalimu mkuu alimpa darasa lililo karibu na choo. Hilo halimo katika orodha yoyote ya lishe niliyowahi kusoma, lakini ndilo lililomrudishia maji, na baada ya maji mapapai na mboga zikafanya kazi yake tumboni.

Sasa anainuka kwenye kiti bila mikono. Anasimama ubaoni vipindi vya asubuhi na anakaa vya mchana. Mguu wa kushoto bado ni mzito, na ugonjwa bado anao. Sitaki msomaji aondoke akidhani uji wa ulezi unatibu MS.

Hata huko kwenye utafiti mwingi jambo hili halijafungwa. Roy Swank, daktari wa mishipa ya fahamu, alitazama Norway miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaona kwamba wavuvi wa pwani walipata MS kidogo kuliko wafugaji wa bara waliokula siagi na maziwa mengi. Aliwapa wagonjwa wake chakula chenye mafuta machache ya wanyama, akawafuatilia kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka 1990 akaandika kwamba walioshika masharti walibaki na nguvu kuliko walioyaacha. Wenzake walimkosoa kwa haki: hakuwa na kundi lililopangwa kwa kura la kulinganisha nalo, na huenda walioacha masharti ndio waliokuwa wamezidiwa tangu mwanzo. Baadaye Terry Wahls wa Iowa, daktari mwenye MS mwenyewe, alieleza kwamba alijinyanyua kutoka kiti cha magurudumu kwa mboga nyingi, nyama na mazoezi, akawa maarufu. Mwaka 2021 yeye na wenzake walilinganisha chakula chake na cha Swank. Makundi yote mawili yaliripoti uchovu kupungua.

Matokeo hayo yananifundisha jambo. Chakula kimoja kinakataza mafuta ya wanyama, kingine kinasisitiza nyama, na wagonjwa wa makundi yote mawili waliona nafuu. Walichoshirikiana ni kwamba mtu alianza kula kwa mpango, mboga zikaongezeka, vyakula vya viwandani vikapungua, na mtaalamu akamfuatilia. Ndicho alichofanya mama kwa gunia la unga na kuku wawili. Na dawa zibaki kuwa dawa: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS, kladribini, glatirama na rituksimabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Familia yenye mgonjwa iulizie hizo hospitalini kabla ya kuuza ng'ombe kununua vidonge vya mitishamba vya mtandaoni.

Upande wa konzo hali ni wazi zaidi, kwa sababu pale chakula ndicho kisa chenyewe. Ugonjwa ulirudi Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mlingi, akishirikiana na Howard Bradbury wa Australia, alifundisha vijijini njia rahisi: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa safu nyembamba kwenye mkeka, unaachwa juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha unasongwa siku hiyohiyo. Sianidi iliyobaki kwenye unga inapaa. Nguvu ya njia hii ni kwamba haimwambii mwanamke aache muhogo wakati muhogo ndio pekee uliostahimili jua. Inamdai saa chache badala ya siku nyingi. Walioibuni walitazama kwanza mikono ya mpishi na saa alizonazo.

Ndiyo maana naona makosa watu wa kwetu wanaposikia habari za konzo na kuanza kuuogopa muhogo. Majita, Kisorya na Ukerewe wamekula udaga vizazi na vizazi na wametembea. Muhogo uliolala siku zake, ukakauka juani, ukachanganywa na mtama na kuliwa na dagaa, ni chakula kizuri. Mwaka wa ukame, afisa ugavi anayepeleka mahindi peke yake amefanya nusu ya kazi. Aulize pia kama kuna maji ya kulowekea, mashine iko umbali gani, na nani nyumbani mle ana nguvu ya kumenya.

Kwa mgonjwa wa MS, au wa kiharusi, au wa konzo ya zamani, swali ni hilohilo. Ukienda kumtazama, uwe Nyasho pale Musoma, Bunda mjini au Butiama, ushauri wa vyakula vya kuacha uuweke mfukoni. Tazama jiko liko wapi na lina joto kiasi gani. Uliza maji ya kunywa anayapata lini na choo kiko umbali gani. Uliza leo amepika nani. Ukijibiwa kwamba hakuna aliyepika, kunja mikono ya shati uanzie hapo.